Somo la Alhamisi

Jeseník, Jumatano, 6 Aprili 1994

Bořek wangu,

Nimefika salama. Treni ilisimama Hanušovice dakika arobaini na sikuwa na mtu wa kulalamika kwa niaba yangu, maana huyo nimemwacha nyumbani. Alama za vifimbo vyako vya Jumatatu ya Pasaka, vile wanawake wa kwetu tunavyochapwa kidesturi ili tubaki vijana, bado ziko miguuni. Nesi Libuše, ninayelala naye chumba kimoja, ameziona akaniambia, "Wewe una bahati, shoga. Wangu siku hizi ananichapa kama anafuta vumbi kwenye kabati."

Kazi ya kufundisha matamshi hapa hospitalini ni kama walivyoniandikia: wiki nane, mpaka mwenye nafasi arudi kutoka likizo ya uzazi. Nina wagonjwa kumi na wawili wa kiharusi, na kila mmoja kimemwibia kitu chake. Kuna mama wa Šumperk aliyepoteza majina ya vyakula vyote isipokuwa kabichi. Kuna mwalimu mstaafu anayeweza kuandika "zmrzl", neno zima lisilo na irabu hata moja, lakini kulisema hawezi, basi anakuonyesha kwamba kitu kimeganda kwa baridi kwa kutetemesha mabega. Tumecheka naye, kisha tumelia naye.

Na kuna mmoja unayemjua. Vavřinec Říha, yule mtangazaji wa stesheni yetu! Unakumbuka ile sauti iliyokuwa ikituita treni za Brno na Prague? Katika kusema, kiharusi kimemwachia kila kitu ila ile sauti yetu, r yenye kindoano juu, ile ambayo ulimi unatetemeka huku meno yanafukuza kuku. Kwake inatoka "zh" tupu. Maskini, jina lake lina kindoano hicho mara mbili. Anajitambulisha kama Vavžinec Žíha, halafu anainamisha kichwa.

Simu iko ukumbini, mlangoni pa jikoni, na wapishi wana masikio. Afadhali uniandikie. Alhamisi usikiache kioo cha somo letu mezani kikashika mvuke.

Zdíša wako

*

Česká Třebová, Jumapili, 10 Aprili

Zdíša,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na nilipomaliza ya tatu madonge yangu ya unga motoni yalikuwa uji.

Kwa hiyo ni Říha. Katika nchi nzima kiharusi hakikupata mtu mwingine wa kukuletea. Usidhani nimesahau. Mwaka ule tunachumbiana ulikuwa ukinisimamisha jukwaani kwenye upepo, miguu inakufa ganzi, eti tungoje kidogo atangaze treni moja zaidi. Ukafumba macho. Ukaniambia, "Huyu mtu anatamka kama anayemega mkate wa moto." Mimi nilikuwa kando yako nimekushikia mkoba. Mimi, mpanga mabehewa, niliyeletwa kwako na barua ya daktari wa reli kwa sababu wenzangu hawakujua nikipiga kelele nasema njia ya tatu au nasema nini.

Na somo lenyewe nalijua. Mnakaa goti kwa goti. Kioo pembeni. Unamwekea kijiti bapa chini ya ulimi, unasogea mpaka anasikia harufu ya sabuni yako, unamwambia, "Nitazame mdomo." Mimi niliutazama mdomo huo nikaoa. Sasa autazame Říha?

Miaka ishirini na minne umekaa nami kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni, na mpaka leo najiita Božek. Ndimi mwanafunzi pekee aliyekushinda. Yeye atafaulu kwa wiki mbili, utafurahi, na utakaporudi utanisikiliza hapa mezani uone umeolewa na nani. Lakini walisema wazee, asiyekuwepo na lake halipo.

Jambo moja. Watu wa stesheni wana maneno mengi. Akikuambia lolote juu yangu, usimwamini. Amezeeka na kichwa chake kimegongwa.

Alhamisi nilikitoa kioo. Nilikaa nacho peke yangu kama mjinga.

Bořek

*

Jeseník, Ijumaa, 15 Aprili

Bořek, mtu mzima wewe,

Nimecheka mpaka Libuše akadhani nimepata habari njema. Una miaka hamsini na mmoja na unamwonea wivu mtu anayekula supu kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo, tunakaa goti kwa goti. Ndiyo, kijiti. Ungependa nimfundishe kwa simu? Na yule mama wa kabichi naye nakaa naye hivyo hivyo, mbona yeye humwonei wivu?

Vavřinec anajitahidi sana. Anaianza vizuri, ulimi unatetemeka, mimi najua kabisa sasa inakuja, halafu mwishoni inateleza. Kila mara inateleza mahali pale pale. Nimempa saa kumi ya Alhamisi, ndiyo saa pekee iliyokuwa wazi. Wiki hii tulisoma ile kadi ya kuzoezea ulimi, ya mabomba ya fedha mia tatu thelathini na matatu, ambayo kila neno lina kindoano. Alitokwa jasho.

Anakukumbuka. Anasema kibanda chake kilikuwa juu ya uwanja wa mabehewa, na dirisha likiwa wazi alikuwa akikusikia ukiwapigia wenzako kelele. Alisema na mengine, tukacheka. Lakini umeniambia nisimwamini, basi siyaandiki.

Unachoogopa ni nini hasa, Bořek? Hilo neno lako la "usimwamini" nimelisoma mara mbili.

Huku bado kuna theluji kwenye kilele cha Praděd. Nimekutumia kaki za sanduku la bluu, zile biskuti nyembamba za huku, zipashe moto kidogo kwanza.

Zdíša

*

Česká Třebová, Jumatano, 20 Aprili

Zdislava,

Barua ya kwanza alikuwa "Vavřinec Říha". Ya pili amekuwa "Vavřinec". Ya tatu atakuwa nani? Mnapoonana unamwitaje? Mimi najua jina likiitwa kwetu linageuka mkia, na mkia wenyewe husema mengi. "Bwana Říha" unaweza kumwita mbele ya daktari mkuu. "Vavřinče" unamwita mtu uliyemzoea. Nijibu hilo kwanza.

Na ukampa Alhamisi! Wiki ina siku saba. Wagonjwa kumi na wawili, siku saba, na mgonjwa huyo huyo akaangukia siku yetu. Umempa siku yangu na kadi yangu. Ile kadi ya mabomba ya fedha ni yangu, Zdislava, pembe yake niliitafuna mwenyewe mwaka sabini.

Sasa nisikilize. Mimi sikusomea kazi yako lakini naijua kuliko unavyodhani. Unasema inateleza kila mara mahali pale pale. Hiyo haiwezekani. Mtu asiyeweza hukosea hivi leo na vile kesho. Mara itatoka "r", mara "zh", mara mate. Anayekosea mahali pale pale kila siku amepachagua mahali hapo. Mtu huyo sauti anayo. Anaificha ili Alhamisi ijayo umwekee kijiti tena. Anakuchezea, na wewe unampangusa jasho.

Usiniulize najuaje. Najua.

Kaki zimefika zimevunjika. Nimempa jirani Hedvika, kuku wake wanazipenda.

Borek

*

Jeseník, Jumapili, 24 Aprili

Bořivoji,

Naona kindoano cha jina lako kimeanguka njiani. Umeandika Borek, kama bahasha iliyotoka ng'ambo, wasikojua kindoano. Basi na mimi leo nakuita kwa jina refu, kama mama yako alipokuwa amekasirika.

Miaka ishirini na sita nafundisha watu kusema. Nimewafundisha watoto mia kadhaa, na wawili waliodhaniwa mabubu. Leo mpanga mabehewa ananifundisha kazi yangu kwa barua! Ningekuwa naandika kwa kisu karatasi hii ingekuwa imetoboka.

Unajiona umeachwa. Hebu tuzungumze juu ya kuachwa. Kila msimu wa dansi, kila Februari, wake wa watu wa reli wanapita chini ya dirisha letu wamevaa, wanacheka, wanakwenda kwenye dansi yenu. Ni mimi tu ninayebaki. "Miguu inaniuma, Zdíša." "Muziki wenyewe mbaya, Zdíša." Wenzako wa kazini sijawahi kuwakaribisha hata kahawa. Gauni langu la kijani nililishona mwaka sabini na tano, limekaa kabatini mpaka limekuwa gauni la makumbusho. Siku nyingi nimejiuliza kama mume wangu ananionea haya mbele ya watu wake. Mimi nimekwandikia barua ya wivu lini?

Sitaki ugomvi wa posta. Jumapili ijayo ni Mei mosi. Mwanamke asiyebusiwa siku hiyo chini ya mcheri uliochanua hunyauka mwaka mzima, na mimi nina miaka arobaini na saba, sina mwaka wa kutupa. Huku bustanini kuna mcheri mmoja ukutani, una vichipukizi. Treni ya saa kumi na mbili asubuhi inakufikisha kabla ya chakula cha mchana. Njoo. Usipokuja nitamwomba mpishi, ana masharubu mazuri.

Zdislava

*

Česká Třebová, Jumatatu, 2 Mei

Zdíša,

Nilikuja.

Sikukuambia, nilitaka nikushtue. Nilioka mikate midogo ya mbegu za popi jinsi ulivyonielekeza, nikavaa tai. Nilifika saa tano na robo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lile bango la matamasha ulipotoka mlangoni, na Říha kakushika mkono. Si kwa kuegemea, Zdíša. Mtu anayeegemea humtazama aliyemshika? Alikuwa amevaa kofia ya majani. Nilitaka kuja kumvua hiyo kofia.

Kisha ukarudi ndani, nadhani kuchukua skafu. Yeye akaenda kwenye dirisha la kaki, hatua nne kutoka mahali nilipokuwa. Akamwambia yule binti, "Tatu, tafadhali. La, afadhali nne." Tatu yetu ina kindoano, nne yetu ina kindoano, na vyote viwili vilitoka safi kama enzi zake za kibandani. Hata binti akatabasamu. Ukatoka. Akakupa kaki, akasema, "Nimekununulia čtyži," ile ile nne, sasa kwa "zh". Nawe ukamsahihisha. Ukamgusa kidevu.

Nilirudi stesheni. Nilipanda treni ya saa sita na dakika kumi.

Sasa hapa kuna shida yangu. Ningeweza kukuandikia tu kwamba Říha ni mwongo, nimemsikia kwa masikio yangu, mfukuze. Ungeniuliza, kwani wewe Bořek ulijuaje tangu wiki ya tatu, hujamwona wala kumsikia? Na jibu ni moja, nimelizunguka tangu Aprili kama paka na maziwa ya moto. Nilijua kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi.

Ilikuwa somo la tatu. Alhamisi, nakuja kwako, nimefika mbele ya duka la nyama, najisemea njiani jina la mji wetu, nikalisema. Třebová. Lilitoka lenyewe. Nikasimama, nikalisema tena, mwenye duka akanitazama. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihesabu: leo nikilitamka mbele yake atanipongeza, atafunga faili, ataita "anayefuata", na mimi sitakuwa na sababu ya kuja tena. Nikaingia ndani, nikakaa goti kwa goti, nikasema Tžebová. Ukasogeza kiti.

Nilikusudia kukuambia siku ya harusi. Kisha Alhamisi ya kwanza ukaweka kioo juu ya meza ya jikoni, ukasema, "Haya, bwana harusi, fungua mdomo." Ningeanzia wapi? Baada ya mwaka lilikuwa kubwa. Baada ya miaka kumi lilikuwa kama ukuta wa nyumba, huwezi kuutoa bila dari kushuka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka ishirini na minne.

Kazini nasema vizuri. Wote wananijua hivyo. Ndiyo maana sikukupeleka kwenye dansi, ndiyo maana hakuna mwenzangu aliyekunywa kahawa yako. Mtu mmoja tu angeniita kutoka meza ya pili, ningemjibu bila kufikiri, ungesikia. Sikukuonea haya hata siku moja. Nimekuwa nikitazama wake za watu wakicheza nikisema, hawa wote wangu angewafunika.

Kwa hiyo unaona mimi na Říha ni kitu kimoja. Kama yeye ni mwongo, mimi ni mwongo mkubwa wa kumzaa. Huenda ukafunga faili zote mbili. Nimefikiri treni nzima, nikaona afadhali unifungie kwa ukweli kuliko uendelee kumgusa kidevu.

Niliporudi, Hedvika alikuwa amesimama chini ya mplamu wetu amejipaka rangi ya mdomo. "Jirani, Mei mosi hii, utaniacha ninyauke?" Nikamwambia mdomo wangu una barua ya kuandika.

Bořek

*

Jeseník, Ijumaa, 6 Mei

Bořek wangu,

Nilijua ulikuja. Nilikuta mikate ya mbegu za popi juu ya benchi imefungwa kwa kitambaa changu cha mabata ya bluu. Chini ilikuwa imeungua, kama siku zote. Nilikimbia mpaka stesheni na viatu vya ndani, nikakuta moshi. Nilikaa pale nikakutukana kwa sauti, na bibi mmoja aliyekuwa na mbuzi akaniunga mkono.

Tuanze na lako. Mimi ni mwalimu wa matamshi, Bořek. Ulidhani umeoa nani, mfua vyuma? Desemba ya mwaka sabini, tuna miezi mitatu ya ndoa, ulikuwa unapigilia rafu ya chupa za matunda. Ulidhani niko dukani. Nyundo ikakupata kidole gumba. Neno ulilolisema siliandiki, maana watu wa posta ni waungwana, ila lilianza na kile kindoano, na hakuna mtangazaji katika nchi hii aliyewahi kukitamka vizuri vile. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mfuko wa viazi. Nilitaka kuingia nikupigie makofi.

Sikuingia. Niliketi ngazini nikafikiri kama ulivyofikiri wewe mbele ya duka la nyama. Nikiingia sasa, Alhamisi imekwisha. Hatakaa tena goti kwa goti, atakaa na gazeti kama waume wa wenzangu. Basi nikashuka ngazi, nikapanda tena kwa kishindo, nikakuuliza kidole kimefanya nini. Ukasema nyundo imekupiga "tžikrát", mara tatu. Nikakibusu.

Kwa hiyo usijione mwongo mkubwa peke yako. Tumekuwa wawili mezani.

Lakini gauni la kijani sikusamehe. Niliposema najiuliza kama unanionea haya nilikuwa nakuchokoza; nilikuwa najua kwa nini hunipeleki, na kujua hakukuniondolea hamu ya kucheza. Kila Februari nilikuwa nikingoja utachagua nini, dansi au uongo wako, na kila Februari ulichagua uongo. Hilo liliniuma na bado linauma. Mimi pia nina wivu, Bořek. Niliwaonea wivu wale wapanga mabehewa wote wenye grisi masikioni, kwa sababu wao walikuwa wanasikia sauti ya mume wangu, na mimi nilisubiri nyundo.

Ndilo alilolisema Říha wiki ile ya pili nikakuficha. Aliniambia, "Mumeo? Kindoano chake kilikuwa kinasikika mpaka Ústí, mji wa jirani. Mimi nilikuwa nafunga dirisha, nilikuwa namwonea wivu." Alidhani atanishtua. Nikamwambia, "Najua."

Sasa yeye. Jumapili ile nilikuwa mlangoni na skafu mkononi. Niliisikia ile nne, kama ulivyoisikia wewe. Nilimsahihisha kwa sababu dirisha la kaki si mahali pa kumwaibisha mgonjwa. Kidevu ni kazi, nimemgusa hivyo hata mama wa kabichi. Jumatatu saa mbili asubuhi, barua yako ikiwa bado haijafika hata kwenye gunia la posta, nilimwita. Nikamwekea kadi ya mabomba ya fedha mezani, nikamwambia, "Bwana Říha, jana uliagiza kaki nne. Soma." Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasoma yote, mia tatu thelathini na matatu, hakukosa kindoano hata kimoja. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyosoma. Kisha akasema nyumbani kwake hakuna mtu wa kumsikiliza. Nilimhurumia, nikamshika mkono, nikafunga faili, nikaita anayefuata. Jana Alhamisi saa kumi alikuwa ameshaondoka.

Mei mosi hakuna aliyenibusu. Mcheri haukuwa na ua hata moja, baridi iliurudisha nyuma, na mtu wa kunibusu alikuwa amejificha nyuma ya bango. Mcheri umechanua leo asubuhi. Mtunza bustani anasema utakaa mpaka Jumatano kama mvua haitanyesha. Mei mosi ya milimani huja ikichelewa, hakuna atakayetuuliza. Panda treni ile ile, na kwenye dirisha la tiketi useme kwa sauti unatoka wapi na unakwenda wapi, wasikie watu wote wa stesheni. Halafu mwambie Hedvika mplamu ule niliupanda mimi.

Wewe nilikukamata Desemba ya mwaka sabini, nikakufundisha kila Alhamisi mpaka leo. Yeye nilimkamata Jumapili, na Jumatatu saa mbili alikuwa nje. Kaa kwenye treni uhesabu, kisha uniambie nani kati yenu alipaswa kumwonea mwenzake wivu.

Kioo uje nacho.

Zdíša